MREJESHO: FETA Nyegezi au chuo cha jirani Igoma?

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliuliza hapa: niende kusomea uvuvi FETA Nyegezi (chuo cha serikali cha uvuvi, hapa Mwanza), au chuo binafsi dakika tano kutoka kwa mama mdogo, Igoma? Asanteni wote, hata yule aliyesema natafuta chuo kama natafuta saluni.

Aliyeniambia nihakiki NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), kozi yenyewe na si jina la chuo tu, kaniokoa. Chuo kile kimesajiliwa, ila kozi niliyoitaka haimo. Hela ya fomu ndo imekwenda hivyo.

Sasa nipo Nyegezi, diploma. Ushauri wa kushinda soko la samaki la Mwaloni Kirumba kila Jumamosi umezaa kuliko nilivyodhani. Mama mmoja mchuuzi kanifundisha kumjua sangara aliyelala, yaani asiye freshi: unafunua mashavu uone rangi, unabonyeza nyama uone kama inarudi. Darasani mada hiyo ilikuja baadaye, nikajibu kama mzoefu.

Kilichofeli ni kukaa Igoma ili niokoe kodi. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, vipindi vya asubuhi vinanipita, nikaambulia sapu moja (mtihani wa kurudia). Nimehamia geto la watu wawili hapa Nyegezi.