Mnaokodisha gari za kulala: friji mnaweka, ufunguo wa nati mnauacha nyumbani!

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia.

Mwezi uliopita nilikodi HiAce iliyogeuzwa chumba. Kitanda kimo, jiko la gesi limo, friji ndogo, tangi la maji la lita 100, hadi mapazia ya maua. Safari Dar kwenda Iringa, mimi, mama watoto na watoto wawili. Mwenye gari alitumia nusu saa nzima kunifundisha kukunja kitanda. Nilipouliza vifaa vya pancha akapigapiga kiti kwa kiganja: "Vyote vimo humo bosi, we endesha tu." Nikasaini karatasi yake. Ujinga wangu huo, naukubali.

Tumepita Doma, tumeingia Mikumi, saa 11 jioni. Wazoefu wa njia ile mnazijua zile kilomita 50 za lami zinazokata hifadhini: matuta, vibao vya mwendo, na faini inayokusubiri ukigonga mnyama. Katikati ya hapo tairi la nyuma kushoto likaanza kupumua, gari likayumba, nikasogea pembeni. Nyani wamekaa kando ya barabara wanatutazama kama wamelipa kiingilio.

Nafunua kiti. Jeki ya mkasi, imeandikwa kilo 800, nahisi ilitoka kwenye Vitz ya mtu. Gari lenye kitanda, mtungi wa gesi na lita 100 za maji, unalinyanyua na jeki ya Vitz? Ubao wa kuweka chini hakuna, jeki ikawa inazama kwenye vumbi huku inalala upande. Nikafungulia maji yote yamwagike ili gari lipungue uzito. Pembetatu ipo moja, mguu umevunjika. Nikaokota matawi yaliyoanguka nikayapanga nyuma kama wafanyavyo wa malori (nimesema nimeokota, sijakata, naijua sheria ya hifadhi).

Hayo yote ningeyasamehe. Sasa sikilizeni la nati.

Bwana yule kafunga rimu za sport, na nati zake ni zile nyembamba za kuzuia wezi, zimezama ndani ya tundu na zina meno. Bila ufunguo wake maalum hugusi. Spana ya 21 ipo, mpya, inang'aa, na haiingii popote! Nikapanda kwenye tuta kutafuta mtandao, nikampigia. Anajibu bila aibu: "Aah, ufunguo uko kwenye droo nyumbani, niliutoa usije ukaibiwa."

Usije ukaibiwa! Kwa hiyo aliyezuiwa kufungua tairi ni mimi niliyelipia gari.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la Tunduma na utingo wake. Kijana alichukua soketi ya 19 ya pembe 12, akaigongelea kwa nyundo juu ya nati mpaka ikashika, kisha bomba refu kwenye mpini, wakasukuma wawili. Nati inatoka imeng'ang'ania ndani ya soketi, unaigonga itoke, unahamia nyingine. Mara sita. Spea nayo inaning'inia chini kwa mnyororo, kile chuma cha kuiteremshia kimeota kutu, jasho lingine. Ilipotoka nikasoma zile namba nne za ubavuni: 1411. Wiki ya 14, mwaka 2011! Tukazirudisha nati zilezile zilizochubuka, tukatambaa mpaka Mikumi mjini usiku, watoto wameshalala na njaa. Fundi pancha alipoiona ile spea alicheka kwanza ndipo akaanza kazi. Akanitafutia nati za kawaida.

Sasa mnaotaka kukodi: msinyooshewe kidole kwenye kiti. Palepale uani, kabla ya kusaini, legeza nati moja ya kila tairi kwa vifaa vya gari hilohilo. Teremsha spea chini, ipime upepo, soma mwaka. Nyanyua gari likiwa na mizigo na maji yake. Mwenye gari akinuna, mwache anune. Mimi nimeshanunua jeki ya chupa ya tani tatu, ubao, tochi ya kichwani na bomba la kuongezea mpini, vitasafiri nami hata kwenye gari la shemeji.

Kilichonileta hapa hasa ni dhamana. Niliacha laki mbili. Kakata laki moja na nusu: "kuharibu nati sita na kuchubua rimu". Ananiambia ningemsubiri alete ufunguo. Kutoka Dar! Hifadhini! Usiku!

Karatasi niliyosaini imeandikwa "vifaa vya tairi: kamili", saini yangu ipo chini. Picha za nati ninazo, na simu ya droo niliirekodi. Mwenye uzoefu wa kudai dhamana kwa karatasi ya namna hii, naanzia wapi?