Tupeane uzoefu: kuzama kazini mpaka fikira zifunguke

Mwanzilishi, Mji wa Kale, Mombasa
Assalam aleikum jamani. Kuna ile hali ya kuzama: muuza kahawa apita akigonga vikombe, chai yako yapoa, nawe huna habari, mkono waenda tu. Mwaka 1974 Tellegen na Atkinson kule Marekani waliitungia kipimo, na wakaona inakwenda sambamba na wepesi wa mtu kuitikia hipnosi, ule usingizi wa kuagizwa. Wao waliita uwazi: kukubali jambo likuingie lote bila kulibishia. Swali langu ni la kazi za mikono na sauti: mlango huo hufunguliwaje? Habari za "mimi siku moja" tuziweke kando, leteni hatua na sababu.

Mtunzi, Kibokoni
Vina kabla ya kuzama. Kinachomtoa mtu ndani ya shairi si honi za tuktuk, ni kusaka kina katikati ya ubeti. Piga hesabu: shairi la mtiririko (vina havibadiliki beti zote) la beti 8, mishororo minne kila ubeti, kibwagizo kisichobadilika, lataka maneno 25 kwa kila kina (matatu kila ubeti, na moja la kibwagizo). Basi andika maneno 40 ya kina cha kati na 40 ya kina cha mwisho, uyasome kwa sauti mara mbili, karatasi uigeuze. Orodha ya maneno 10 itakurudisha juu ubeti wa tatu tu.

Kisha shika mahadhi moja, uyaimbe chini kwa chini bila maneno mpaka pumzi yenyewe ikatike kwenye mizani (silabi) ya nane. Hapo ndipo uanze, na ukishaanza usihesabu mizani wala usifute.

Kuhesabu ni kesho yake, kwa vidole, na kwa kusoma pasi na kuimba. Sababu ni hii. "Naitazama bahari, mawimbi yanarindima" ni nane kwa nane. Aliyezama huandika "mawimbi yanavyorindima", sikio likaridhika kabisa, kumbe ni tisa: mahadhi hufinya silabi ya ziada ikapita kama haipo. Vilevile "mtu" ni mizani mbili, m na tu. Wengi huteleza hapo.

Na huo uwazi hulishwa kabla. Muyaka bin Haji, malenga wa kale wa Mombasa, alitunga juu ya vita vya Mombasa na Lamu, akatunga na juu ya mapenzi na mambo ya nyumbani. Mwenye kusikiliza jambo la aina moja tu huzama akakuta kisima kikavu.

Mpiga udi, Majengo
Mtunzi kasema kweli, kwetu pia ni kuandaa kwanza. Joto la pwani huzilegeza nyuzi, kwa hiyo ukaze, ungoje dakika tano, ukaze tena. Uzi ulioteremka huliamsha sikio lianze kuhukumu, na hukumu ikiingia kuzama kumekwisha.

Halafu jibane. Shika makamu (ngazi ya noti) ya Hijazi peke yake: ukianzia re, ni re, mi bemoli (nusu chini), fa diezi (nusu juu), sol. Dakika 10 noti hizo nne tu, usipande. Mwanzoni yachosha, na watu wengi hukimbilia makamu nyingine wakati huo huo ambapo vidole vimekaribia kwenda vyenyewe. Vumilia. Simu irekodi ikiwa imelazwa kifudifudi, mtandao umezimwa, usiisikilize siku hiyo. Mwaka 2008 Limb na Braun waliwapima wapiga piano 6 wa jazi ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Walipokuwa wakibuni papo hapo, sehemu ya mbele inayojichunga ilipoa. Ukijikagua huku wapiga, waiwasha tena.

Fundi mchongaji, Changamwe
Kwetu kuzama kuna damu. Tia tezo makali kabla ya kukaa: tezo butu hudai nguvu, na nguvu ndiyo ipelekayo mkono pasipo. Mkono ulioshika gogo ubaki nyuma ya makali kila wakati, uwe mazoea, maana ukishazama hutakumbuka. Weka kengele ya dakika 30. Ikilia, funika mwembe mbichi kwa gunia. Jua hukausha nje ikajikunja ilhali ndani kungali na maji, na mti hupasuka.

Mchora hina, Bondeni
Kwa wanaokwama kwenye ua jipya: mchoraji Salvador Dalí wa Uhispania alisinzia kitini, ufunguo mzito mkononi, sahani chini yake, ili ukidondoka mlio umwamshe. Mwaka 2021 watafiti wa Paris walijaribu jambo la namna hiyo kwa fumbo la hesabu lenye njia ya mkato, watu wamepumzika dakika 20 na kikombe mkononi. Waliogusa usingizi mwepesi, hata sekunde 15, 83% waliiona njia. Waliobaki macho 30%. Waliopita hapo wakaingia usingizi mzito zaidi 14%. Basi keti kitini, usilale kitandani. Chora kwanza ua lililokukwaza mpaka uchoke nalo, ndipo ufumbe macho, kijiko cha chuma mkononi, sinia chini yake.

Mtunzi, Kibokoni
Dada, saa ngapi yafaa?

Mchora hina, Bondeni
Saa nane mchana kakangu, baada ya chakula chepesi. Wali mwingi hukushusha moja kwa moja usingizi mzito. Sinia iwe juu ya sakafu tupu, kwa kuwa zulia humeza mlio, na kalamu iwe mkono wa pili tayari. Kijiko kikianguka, chora kabla hujakiokota.