Tupeane uzoefu: sauti iliyokataa kusikika kwenye redio ya zamani

Mwanakwaya, Kadutu: Jana sokoni kijana alimrudishia fundi redio ya flashi akidai ni mbovu, kumbe nyimbo zake zote zilikuwa faili za sauti za aina ya M4A na redio ile inasoma aina za MP3 na WMA peke yake. Nani mwingine yamemkuta?

Mama wa Nguba: Umenigusa, ndugu yangu. Baba mkwe alituachia usia kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, akiwataja wajukuu wote kwa majina. Siku ya matanga tuliwasha jenereta, na kijana tuliyemlipa atayarishe flashi alikuwa amefuta neno opus mwishoni mwa jina la faili akaandika mp3. Spika ikaonyesha sifuri, ikaruka moja kwa moja hadi faili lililofuata, ambalo lilikuwa wimbo wa dansi, mbele ya wazee waliokwisha kuvua kofia. Mke mwenzangu alitoka nje akilia. Hatimaye shemeji aliishika simu yenyewe mbele ya maikrofoni, ndipo tukamsikia mzee.

Jirani, Ibanda: Pole sana, mama. Hata kwetu yalitokea.

Fundi, Ibanda: Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Opus, mfumo wa kubana sauti ambao WhatsApp huutumia kwa ujumbe wa sauti, ilisanifishwa mwaka 2012, kwa hiyo spika na programu zilizoundwa kabla ya hapo haziwezi kuifumbua. Mama, weka VLC, programu ya kuchezea sauti na video, kwenye kompyuta, hata ile ya Windows XP, nawe utasikia.

Mtangazaji, Goma: Fundi, spika ya matanga haiwekewi VLC! Geuzeni faili liwe MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo dakika yake ni takriban megabaiti moja, na flashi iwe ya mpangilio wa FAT32, kwa maana redio nyingi za zamani haziusomi mpangilio wa exFAT.

Mwanakwaya, Kadutu: Kwa nini si WAV, inayotunza sauti yote?

Mtangazaji, Goma: WAV ya ubora wa CD inakula megabaiti kumi hivi kwa dakika, na kilichotupwa Opus ilipobana sauti hakirudi kwa kugeuza.

Mama wa Nguba: Basi nikishageuza, lile la asili nilifute?

Fundi, Ibanda: Usilifute kamwe, mama. Hapo mtangazaji nami tunapatana: MP3 ni ya spika, la asili linakiliwa mahali pawili.