Mjadala: Je, ilikuwa haki kuing'oa sanamu ya Kate Smith?

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Pasaka ya 2019, na leo naomba tuliweke mezani.

Jumapili ile ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, Philadelphia Flyers, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, waliing'oa sanamu ya mwimbaji Kate Smith. Ilikuwa imesimama nje ya uwanja wao tangu 1987. Siku mbili kabla walikuwa wameifunika kwa kitambaa. Wiki hiyo hiyo ilijulikana kwamba New York Yankees wa besiboli nao wameacha kupiga rekodi yake ya "God Bless America", wimbo wa kizalendo wa Marekani, ambayo mashabiki wao walikuwa wakiisikia katikati ya awamu ya saba tangu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Sababu ni nyimbo mbili alizoimba miaka ya mwanzo ya 1930, zote zenye kudhalilisha watu weusi. Ndani ya siku chache jina lililopewa heshima miongo kadhaa likafutwa, na mhusika mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1986.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sanamu haikustahili kuondolewa kwa njia ile. Lakini pia sikubaliani na wanaosema nyimbo zile hazina neno. Zina neno, tena zito.

Kwa wasiomfahamu, alizaliwa 1 Mei 1907 na kukulia Washington. Darasa la muziki hakukaa. Mwaka 1930 alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, katika mchezo wa Flying High, na kila usiku mchekeshaji Bert Lahr alichekesha ukumbi kwa kuusema unene wake. Binti wa miaka 23, mwenye sauti ile, alilipwa ili achekwe. Aliyemtoa pale ni Ted Collins wa kampuni ya rekodi ya Columbia. Akawa meneja wake, wakagawana pato nusu kwa nusu hadi Collins alipofariki 1964. Mwaka 1931 akaingia redio ya CBS, na redioni mwili wa mtu hauonekani. Huko aliwaamkia wasikilizaji wote kwa pamoja mwanzoni na kuwashukuru mwishoni, kwa maneno yale yale miaka nenda miaka rudi, hadi yakawa kama hodi ya jirani.

Tarehe 10 Novemba 1938, mkesha wa kutimia miaka 20 tangu Vita ya Kwanza ya Dunia kumalizika, aliimba redioni kwa mara ya kwanza "God Bless America". Mtunzi Irving Berlin alikuwa ameuandika 1918 akiwa jeshini, akauweka kando, kisha akaurekebisha kwa ajili yake. Mapato ya wimbo yakaelekezwa kwa skauti wa kiume na wa kike. Si kila mtu aliupenda: mwimbaji Woody Guthrie alichoka kuusikia kila kona, akaandika wimbo wa kuujibu mwaka 1940. Na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, waliutaka ususiwe kwa sababu mtunzi alikuwa Myahudi mhamiaji. Hilo naliweka hapa kwa sababu leo kuna wanaomweka Kate Smith na Klan kapu moja.

Halafu vita. Tarehe 21 Septemba 1943 alikaa kwenye maikrofoni ya CBS kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 usiku akiwaomba Wamarekani wanunue hatifungani za vita. Si saa 18 mfululizo za kuongea. Aliingia hewani dakika chache, akatoka, akarudi, mara 65 kwa siku moja. Ahadi zilizokusanywa zilifika dola milioni 39. Mwanasosholojia Robert Merton alishangaa kiasi cha kufanya utafiti, akawahoji watu wa New York walioisikiliza siku ile, na 1946 akachapisha kitabu. Alichokuta ni kwamba watu hawakuvutwa na hoja za uchumi. Walimwamini yeye. Walisikia sauti inavyochoka kadiri siku inavyokwenda, wakaona mtu anajitesa kwa ajili ya watoto wao walioko vitani. Unene ule uliochekwa Broadway, sasa watu waliuona kama wa mama.

Sasa turudi kwenye nyimbo zenyewe, kwa sababu naona wengi wanajadili vitu ambavyo hawajavisikiliza.

Wa kwanza ni "That's Why Darkies Were Born", kwa maana ya ndiyo sababu weusi walizaliwa, ila neno lililotumika kwa weusi ni la dharau. Uliandikwa na Ray Henderson na Lew Brown kwa ajili ya onyesho la George White la 1931. Nimeusikiliza mara nne wiki hii, usiku, spika za masikioni. Sauti ni nzuri. Hapo ndipo maumivu yalipo. Hapigi kelele, hachezi na maneno, anatamka kila silabi kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto, na anachokisema ni kwamba ilibidi awepo wa kuchuma pamba, awepo wa kuwa mtumwa na bado aweze kuimba, na ndiyo kazi waliyoumbiwa hawa. Kuna wanaosema ni kejeli dhidi ya ubaguzi. Nimejaribu kuusikiliza kwa sikio hilo. Kejeli siioni. Naona utumwa umevalishwa joho la kanisa.

Wa pili uko kwenye filamu yake ya 1933 ya kampuni ya Paramount. Anauimba kupitia redio kwa watoto weusi wa kituo cha yatima, akiwaambia juu ya pepo yao iliyojaa matikiti maji. Watoto wasio na wazazi, na zawadi wanayopewa ni mzaha wa zamani kuhusu watu weusi na matikiti. Huu kwangu ni mbaya kuliko ule wa kwanza.

Kwa nini basi nasema sanamu isingeng'olewa?

Kwanza, aliyeadhibiwa ni mmoja. Watunzi wawili waliandika, George White akaweka jukwaani, Columbia ikarekodi na kuuza, Paramount ikapiga picha, na ukumbi ulijaa watu waliolipa kiingilio wakapiga makofi. Mwaka 2019 aliyeitwa kujibu ni mwanamke peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na shaba ya kung'oa.

Pili, Flyers hawakumsimamisha pale kwa ajili ya nyimbo hizo. Tangu Desemba 1969 walipiga rekodi yake ya "God Bless America" badala ya wimbo wa taifa, wakaamini inawaletea ushindi. Tarehe 19 Mei 1974 akaja mwenyewe akaimba mbele yao, na siku ile waliifunga Boston bao 1-0 wakatwaa Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi yao. Miaka 50 walimtumia. Siku ilipokuja lawama hawakuchukua hata mwezi kukaa na mashabiki weusi na ndugu za marehemu wakazungumza.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: kuondoa sanamu kulimaliza mazungumzo. Nani leo anauliza studio zile zilirekodi nini kingine? Pesa za hatifungani zilizokusanywa siku ile zilihudumia jeshi lililowatenga askari weusi, na utengano huo uliagizwa kukomeshwa Julai 1948 tu, kwa amri ya Rais Truman. Gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier lilianzisha mapema 1942 kampeni ya ushindi wa pande mbili: dhidi ya ufashisti ng'ambo na dhidi ya ubaguzi nyumbani. Huo ndio ulimwengu uliomzaa. Ukimtoa yeye tu, wengine wote wanabaki wasafi.

Haya, karibuni. Matusi tuyaache.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mdau mmoja ameniuliza kwa hasira inakuwaje Mwafrika nimtetee. Mkuu, simtetei kwa alichoimba. Nimetumia aya mbili kukisema kwa jina lake. Ninachokataa ni hukumu ya siku tatu.

Wengine wawili wameleta hoja kwamba Paul Robeson, mwimbaji mweusi na mpigania haki, naye aliurekodi wimbo ule wa kwanza, kwa hiyo hauna ubaya. Hoja hii naikataa ingawa inanisaidia. Neno likitoka kinywani mwa mtoto wa mtu aliyezaliwa mtumwa si neno lile lile likitoka kwa mwingine. Baba yake Robeson alitoroka utumwani. Yeye akiimba kwamba ilibidi awepo wa kuchuma pamba, tunasikia mzigo. Kate Smith akiimba, tunasikia mtu anayeusifu mzigo uliobebwa na mwenzake. Na Robeson ni huyu huyu ambaye miaka michache baadaye alikuwa London akisoma Kiswahili chuoni, akiitafuta Afrika kupitia lugha zake. Tusimgeuze sabuni ya kumwoshea mtu mwingine.

Kuna aliyekumbusha kwamba 1945 Kate Smith alisema redioni kuwa chuki za rangi na za dini ni maradhi yanayoila amani. Ni kweli, na kwa mtu aliyesikilizwa na nchi nzima haikuwa kauli ndogo. Kwangu inaonyesha mtu anayeweza kusogea. Lakini haizifuti rekodi.

Hoja iliyonitikisa ni hii: sanamu si kitabu cha historia, sanamu ni heshima. Mchangiaji ameandika nifikirie baba mweusi anayempeleka mwanawe uwanjani, mtoto akauliza yule mama ni nani. Amjibu nini? Nimekaa na swali hilo tangu jana. Nakiri sina jibu la kumpa baba yule ambalo lingemruhusu apite pale na moyo mwepesi. Kwa hiyo nalegeza: huenda mlangoni mwa uwanja hapakuwa mahali pake. Ningekubali ihamishiwe makumbusho, pembeni yake viwekwe vifaa vya kusikilizia, rekodi ya 1931 ya wimbo ule wa kwanza na ile ya 1939 ya "God Bless America" zikae kitufe kwa kitufe, na majina ya watunzi na kampuni yaandikwe yote.

Na tusisahau kwamba yote yaliwezekana kukaa chumba kimoja. Tarehe 8 Juni 1939 Rais Roosevelt aliwaalika Ikulu Mfalme George wa Sita wa Uingereza na malkia wake. Kati ya walioimba usiku ule walikuwa Kate Smith na Marian Anderson, mwimbaji mweusi ambaye miezi miwili kabla aliimba nje, mbele ya mnara wa Lincoln, baada ya kunyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa ajili ya rangi yake. Wawili hao, usiku mmoja, mbele ya wageni wale wale.

Ombi langu kwa atakayechangia kuanzia sasa: sikiliza rekodi ya 1931 kwanza hadi mwisho, halafu ile ya 1939, kwa utaratibu huo. Kisha rudi utuambie, wewe ungeiweka wapi ile sanamu?