Naombeni ushauri: filamu za Louis de Funès za kuangalia na baba mkwe, na Kifaransa sijui

Mtu wa Ujiji

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kigoma, mke wangu ni Mrundi. Likizo hii ya watoto baba mkwe anakuja kutoka Bujumbura kukaa nasi. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, maneno machache. Tukibaki wawili sebuleni tunaishia kuulizana habari za mvua. Ila mke wangu anasema kuna kitu kimoja kinamvunja mbavu: filamu za Mfaransa mmoja mfupi mwenye upara, anaitwa Louis de Funès. Akiziona anacheka mpaka anavua miwani.

Nataka nitafute tatu au nne tuangalie familia nzima. Shida ni kwamba Kifaransa changu ni bonjour na merci, basi. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, maandishi ya Kiingereza chini ya picha anayasoma. Mdogo hata hayo bado. Pili, sitaki picha ya kunifanya nikohoe na kuulizia chai ghafla mbele ya mkwe. Mnanielewa. Nimepekua mtandaoni nakuta jamaa ametokea kwenye filamu zaidi ya 140, nimechanganyikiwa. Mke wangu naye anakumbuka nusu nusu: "ile ya polisi", "ile ya supu". Nianzie wapi?

Chaurembo78

Una bahati mkuu. Mkwe wangu mimi hajawahi kucheka mbele yangu tangu nitoe posa. Nimekaa hapa nasubiri majibu.

Picha_na_Bisi

La Grande Vadrouille ya 1966. Usizunguke. Viliuzwa viingilio zaidi ya milioni 17 kwenye majumba ya sinema ya Ufaransa, na rekodi hiyo ilidumu huko mpaka Titanic ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 90.

Ni Paris ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wameushika mji. Ndege ya Waingereza inatunguliwa, wenyewe wanashuka kwa parachuti juu ya jiji. Mmoja anamwangukia fundi wa kupaka rangi, anayeigizwa na Bourvil. Mwingine anaishia jumba la opera, ambako de Funès ndiye kiongozi wa okestra, bwana mwenye majivuno yake. Hao Wafaransa wawili, ambao siku ya kawaida wasingesalimiana, wanajikuta wanakimbia pamoja kuelekea kusini.

Inakufaa wewe kwa sababu Mjerumani humo anaongea Kijerumani, Mwingereza Kiingereza na Mfaransa Kifaransa, na nusu ya vituko ni kutoelewana kwao. Kuna sehemu wako kwenye bafu la mvuke. Wanamtafuta Mwingereza wasiyemjua sura. Wanachojua ni kwamba ana masharubu makubwa na ishara ni kupiga mluzi wa "Tea for Two". Basi ndani ya ule mvuke kila mwenye masharubu anafuatwa na watu wanaompigia mluzi. Mdogo wako hapo hahitaji kusoma kitu.

Halafu angalia wakiwa njiani. De Funès viatu vinamuumiza, anamzunguka mwenzake kwa maneno mpaka wanabadilishana. Baadaye anashuka ukutani kwa kukanyaga mabega ya Bourvil. Akishafika mabegani hashuki tena, anakaa, na mwenzake anaendelea kutembea naye. Hiyo ya mabegani haikuandikwa kwenye skripti, waliizua palepale wakati wa kupiga picha. Mtazame usoni akiwa juu: hana habari kabisa kwamba amebebwa.

Kaze_wa_Buyenzi

Shemeji karibu, mimi ni wa Buyenzi hapa Bujumbura, kwa hiyo nakuonya kindugu. "Ile ya polisi" ni Le Gendarme de Saint-Tropez ya 1964. Ndiyo iliyompa jina, akiwa na miaka 50 tayari, baada ya karibu miaka 20 ya vijisehemu vya kufungua mlango na kutoka. Ni nzuri. Ila kazi kubwa ya hao polisi humo ni kuwawinda watu wanaokaa uchi ufukweni. Utaona migongo, na yanayofuata migongo. Utaulizia chai mpaka birika likauke.

Mfululizo ule una sita, wa mwisho ni wa 1982. Ukitaka polisi, chukua Le Gendarme se marie ya 1968, sajini Cruchot, yaani de Funès mwenyewe, anapompenda mjane wa kanali. Hayo ni mapenzi ya watu wazima wenye haya zao. Ile ya 1979 yenye viumbe wa anga za juu usianze nayo.

Mgumu_Kucheka

Mtanisamehe wakuu. Huyu mtu nimemjaribu, naona kelele tu. Anafoka, anakunja uso, anazaba watu makofi. Mchekeshaji pale ni Bourvil, ametulia na anafanya kazi yake.

Mama Filimbi

Mgumu, hukumtazama akiwa mbele ya mkubwa wake.

Chukua hizo hizo za polisi. Juu yake yuko mkuu wa kituo, Michel Galabru, jitu la miraba minne. Chini yake wako askari wa kawaida. Akiwageukia askari ni simba. Mkuu akitokea mlangoni, shingo haijamaliza kugeuka uso umeshalainika, mgongo umepinda, tabasamu limejaa meno. Mkuu akiondoka, yote aliyoyameza yanawashukia wale wa chini. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi, watu wa namna hiyo nimewapigia saluti sana. Ndiyo maana Wajerumani na Warusi walimpenda bila kujua Kifaransa. Bosi wa hivyo yuko kila nchi.

Na hizo kelele zina mapigo. Kabla ya filamu jamaa alikuwa mpiga piano wa jazi kwenye mabaa ya Pigalle, mtaa wa starehe wa Paris. Zima sauti dakika moja umtazame mikono tu, utaona anahesabu.

Kuhusu Bourvil nakubali nusu, kwa sababu walihitajiana. Tafuta Le Corniaud ya 1965, mwongozaji ni yule yule wa La Grande Vadrouille, Gérard Oury. Mwanzoni kabisa Bourvil anaondoka likizo na kigari chake cha 2CV, akiwa na furaha zake. De Funès anakuja na gari kubwa la kitajiri, anakigonga. Kigari hakibondeki, kinasambaratika chote kwa mpigo: milango kule, matairi kule, Bourvil amebaki ameshika usukani katikati ya barabara. Na hakasiriki! Anatafakari tu kwamba sasa litatembea kwa shida kidogo. Mwenye makosa ndiye anayefoka.

Bourvil alifariki 1970. Filamu waliyokuwa waifanye tena pamoja, La Folie des grandeurs, ikaenda kwa mwigizaji Yves Montand mwaka uliofuata. Humo de Funès ni waziri wa fedha wa Hispania ya zamani, mtumishi anamwamsha asubuhi kwa kugongesha sarafu za dhahabu sikioni. Nzuri, ila pengo la Bourvil naliona kila nikiiangalia.

Papa_Katanga

Salamu toka Lubumbashi. Mmesahau mbili kubwa.

Ya kwanza ni Les Aventures de Rabbi Jacob, 1973. Yeye ni Pivert, mwenye kiwanda, tajiri anayemdharau kila asiyefanana naye: Waarabu, Wayahudi, weusi, Waingereza, wote. Dereva wake wa miaka anamwambia kwamba yeye ni Myahudi na Ijumaa jioni hafanyi kazi. Pivert anapigwa na butwaa. Usiku huohuo anatumbukia kwenye pipa kubwa la ubani wa kutafuna, wa kijani, mzito, na kila akijitoa unamrudisha. Mwisho anajikuta amevaa kama rabi, kiongozi wa dini wa Kiyahudi, pembeni yake mwanasiasa wa Kiarabu anayewindwa naye kavaa vilevile, na anatakiwa kucheza ngoma ya watu asiowajua. Anaicheza sawasawa! Ilitoka Oktoba 1973, vita vya Israeli na majirani zake vikiwa vinaendelea. Mtoto wa darasa la sita atakuwa na maswali, lakini mwalimu mstaafu si yupo? Hiyo ni kazi yake.

Ya pili ni L'Aile ou la Cuisse, 1976. Mwaka mmoja kabla moyo ulimsumbua vibaya, ikabidi apumzike, na hii ndiyo aliyorudi nayo. Ni mkaguzi wa mahoteli, anajibadili sura ili asijulikane, mara bibi kizee, mara Mmarekani. Mwanawe, anayeigizwa na Coluche, anatakiwa kurithi kazi, kumbe kwa siri ni mchekeshaji wa sarakasi. Adui yao ni tajiri wa vyakula vya kiwandani. Kuna mahali de Funès ulimi umekufa ganzi, ladha haipati kabisa, na mbele za watu anatakiwa ataje divai iliyo kwenye glasi. Anaitazama tu. Anaiinua kwenye mwanga, anaitikisa kidogo, anaitazama tena. Nisiwaharibie.

Mwl_Kifaransa

Nafundisha lugha hiyo, niongeze kimoja tu. Zilizotoka kwenye tamthilia ziacheni kwanza: Oscar (1967), Jo (1971), L'Avare (1980). Ni watu ndani ya nyumba wanaongea kwa kasi, ukisoma maandishi unamkosa yeye, ukimtazama yeye unakosa maandishi. L'Avare ndiyo kabisa, Kifaransa cha karne ya 17.

Ila Oscar nunua kwa ajili ya mzee peke yake, au mmuombe awe mtafsiri wenu, kama wale wa mabanda umiza wanaosimulia picha kwa Kiswahili. Alishaigiza mchezo huo jukwaani kabla ya filamu, ameiva. Kuna pahala hasira zimempanda mpaka maneno yameisha. Anaivuta pua yake hewani, inakuwa ndefu, ndefu zaidi, kisha anaipiga kama fidla. Hapo hakuna cha kutafsiri.

Mtu wa Ujiji

Ahsanteni sana wakuu, dada zangu pia. Nimeandika: La Grande Vadrouille, Le Corniaud, ile ya mkaguzi wa mahoteli, na Oscar ya mzee. Rabbi Jacob nitaona na mke wangu. Sasa "ile ya supu" ni ipi? Watoto wameshasikia jina wanaing'ang'ania.

Kaze_wa_Buyenzi

La Soupe aux choux, 1981, supu ya kabichi. Wazee wawili wa kijijini, majirani, kazi yao divai na supu. Usiku mmoja wamekaa nje wanashindana kujamba chini ya nyota, na kiumbe wa anga za juu anausikia ule mlio, anashuka na chombo chake. Anaonja supu, anaipenda. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Shemeji, pima mwenyewe: mashuzi, sebuleni, mbele ya baba mkwe.

Mgumu_Kucheka

Hiyo hata mimi nilicheka. Msinitangaze.

Mama Filimbi

Wakosoaji Ufaransa waliiponda, watoto wanaipenda mno. Na kuna huzuni ndani yake, wazee walioachwa na dunia. Hilo watoto hawalioni.

Picha_na_Bisi

Mkuu, ukipata muuzaji, kabla ya kulipa muombe aiweke uone kama maandishi ya Kiingereza yapo kweli. Nakala nyingi ganda linasema yapo, ndani hakuna. Na usikubali zilizoingizwa sauti za Kiingereza juu yake, ile sauti yake ya kukwama kwama kooni ni nusu ya mtu mwenyewe. Hiyo ya supu iweke kabatini, mzee aiombe mwenyewe.