Laki tano za kikundi: tuchimbe kisima au tufuatilie laini ya maji taka? (Kaptembwo, Nakuru)

MwenyePloti_Kaptembwo:
Wadau hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wenye ploti, upande wa chini wa Kaptembwo. Ploti nyingi huku zina vyumba kumi na kuendelea, choo cha shimo kimoja au viwili, na wapangaji hununua maji kwa mtungi. Bomba likikauka, mwenye mkokoteni anajipangia bei. Shimo likijaa, eksosta (lori la kunyonya choo) haifiki kwa sababu vichochoro ni vyembamba, basi watu wanatafuta vijana wa kuchota usiku kwa ndoo. Mnajua yanakomwagwa.

Tumeweka karibu laki tano. Diwani wetu anasema tukizitoa kama mchango wa jamii, yeye ataleta kisima kirefu na tangi. Nusu ya kikundi wameshakubali. Sisi wengine tunaona tatizo ni choo, pesa ziende kwa laini ya maji taka. Ila sijui laini hiyo hupatikanaje, nani huilipia, wala mtu huanzia ofisi gani. Nisaidieni kabla ya mkutano.

FundiBomba:
Dada, hicho kisima kwanza mpime maji. Bonde la Ufa ni miamba ya volkano, na maji ya visima vingi vya Nakuru yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto yanageuka kahawia, na ukinywa kwa miaka mingi inaingia hadi kwenye mifupa. Kuna kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, na inasaidia. Lakini mkaa unachoka, lazima ubadilishwe. Muulizeni diwani: nani atanunua mkaa wa pili? Nani atalipa stima ya pampu? Pampu ikiungua?

Halafu kuna kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwa kuwa mko ndani ya eneo la kampuni ya maji yenye leseni, hamwezi kuanza kuuzia mtaa maji hivi hivi bila makubaliano.

KaraniMstaafu:
Mama, nilikaa kwenye mipango ya kaunti miaka mingi (si Nakuru), kwa hiyo nitajibu lile la pesa.

Kwa Katiba ya 2010, huduma za maji na usafi ni kazi ya kaunti. Kaunti inaitekeleza kupitia kampuni ya maji. Mabomba makubwa na mitambo hujengwa mara nyingi na mashirika ya kitaifa ya ujenzi wa maji. Lenu ni la Bonde la Ufa la Kati. Pesa zenyewe hutoka mifuko mitatu: bili za wateja, kodi za serikali, na wafadhili pamoja na mikopo. Bei ya maji huidhinishwa na WASREB, mdhibiti wa huduma za maji nchini, na hiyo bei kwa kawaida inatosha mishahara, stima, dawa na matengenezo. Haitoshi kujenga mtandao mpya. Tena nchini zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosukumwa hayalipiwi, kwa kuvuja, kuibwa au mita mbovu, wakati kiwango kinachovumiliwa ni asilimia 20. Kwa hiyo ukimwona meneja anakuzungusha, mara nyingi hana hizo pesa, na hatakuambia hivyo.

Maana yake ni kwamba laini yenu lazima iingie kwenye mpango wa mtu mwenye mfuko. Kaunti ina mpango wa miaka mitano, wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutoka humo hutolewa mpango wa mwaka, ambao hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mikakati ya fedha, ile inayogawa pesa kwa idara, ni mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Watu wengi hujitokeza Mei na mabango. Mei mkate umeshakatwa. Mnabishana juu ya makombo. Nendeni kaunti Julai au Agosti, mkiwa na barua, majina ya ploti, idadi ya vyumba na ramani hata ya kuchora kwa mkono. Nakala kwa kampuni, maana wao ndio huandika maombi kwa Mfuko wa Amana wa Sekta ya Maji, ambao hufadhili mitaa ya watu wa kipato cha chini.

Msema_Kweli:
Mzee, kwa heshima, hizo tarehe ni za vitabuni. Vikao vya maoni ya umma ni chai na mandazi, orodha imeshaandikwa. Itare kule Kuresoi tuliahidiwa maji ya mji mzima, ujenzi wa bwawa ukasimama 2018 mkandarasi wa Italia alipoishiwa pesa. Mama, chukua kisima. Kinaonekana.

KaraniMstaafu:
Kinaonekana, naam. Ndiyo maana wanasiasa wanakipenda. Bomba la chini ya ardhi halina pa kuandika jina la mtu.

Nyalenda_Kwetu:
Nawapa ya Kisumu. Hapa Nyalenda kampuni haimfuati kila mteja kichochoroni. Inauza maji kwa jumla kupitia mita kubwa kwa kikundi cha mtaa, nacho kinasambaza kwa nyumba na vioski, kinasoma mita, kinakusanya pesa na kulipa bili ya jumla. Mwizi wa maji anajulikana kwa jina kwa sababu ni jirani. Kasoro ipo: kikundi kikila pesa ya bili, mtaa mzima unakatiwa. Hesabu ziwekwe wazi kila mwezi.

Kuhusu maji taka, ulizeni laini ndogo: mabomba membamba yanayopita uani, si barabarani, hayachimbiwi kina kirefu, na yanaingia hata penye vichochoro. Huku zimejengwa. Ila kuna masharti mawili. Maji taka hushuka kwa mteremko, kwa hiyo mpimaji aone kwanza kama mko juu ya laini kuu. Na choo lazima kipate maji kila siku. Bila maji, uchafu unakaa bombani, unakauka, unaziba. Ndiyo maana ugomvi wenu wa kisima na choo siuelewi vizuri, hata choo kinataka maji ya uhakika.

FundiBomba:
Hapo umesema. Na wenye ploti wakubaliane mapema kuhusu uani: kila mmoja aandike kuruhusu bomba lipite. Nimeona laini ikikwama kwa ploti moja tu, mwenyewe yuko Eldoret hashiki simu.

MwenyePloti_Kaptembwo:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepata la kusema mkutanoni: laki tano zisiguswe kwa kisima mpaka maji yapimwe na diwani aandike nani atabeba stima. Sehemu kidogo tulipe mpimaji wa mteremko, zinazobaki ziwe za kuunganisha ploti laini ikija. Barua nitaanza wiki hii. Swali moja limebaki: wenye ploti wanataka kupandisha kodi mara tu choo cha maji kikiwekwa. Wapangaji wamesikia, sasa wanasema bora shimo.

Nyalenda_Kwetu:
Waite wapangaji mkutanoni kabla ya barua, si baada. Waandike wanachotumia sasa kwa mwezi: mtungi, choo cha kulipia, sehemu yao ya eksosta. Halafu kodi mpya iwekwe kando ya hiyo hesabu. Na mkubaliane kwa maandishi haitapanda kabla maji hayajatoka.