Mjadala: Vibanda vya kubeti vifungwe siku za Idd na Krismasi? Mimi nasema vifungwe

Wakuu, salaam. Hapa Kigoma hoja hii haiishi barazani. Wapo wanaotaka vibanda vya kubeti vifungwe sikukuu za dini kwa sababu kamari ni dhambi, na wapo wanaojibu kwamba kila mtu na hela yake.

Hao wa pili wana hoja nzito. Katiba yetu, ibara ya 3, inasema hii ni nchi isiyokuwa na dini. Qurani imeharamisha kamari, iko wazi katika Surat al-Maida aya ya 90, lakini hukumu hiyo inamfunga Mwislamu. Serikali haiwezi kuitumia kumfungia mlango asiye Mwislamu. Wakristo nao hawako pamoja: Mlokole atakwambia kubeti ni dhambi tu, wakati Katekisimu ya Kikatoliki inasema mchezo wenyewe si kosa mpaka umnyime mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Tukishika hoja ya dhambi hatutafika popote.

Mimi nataka vifungwe kwa sababu ya watoto.

Wanaoijua Ujiji wanajua Idd ilivyo. Watoto wanazunguka nyumba kwa nyumba kupewa sikukuu, na wengi wanapewa sarafu. Mashine za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza hela, zinakula sarafu ya mia mbili. Idd iliyopita nilimkuta mtoto wa kanzu mpya amepanda juu ya kreti ya soda ili afikie tundu la kutumbukizia hela, wenzake wamemzunguka wanasubiri zamu. Alipomaliza zake akaanza kumwomba mdogo wake. Dada wa kaunta alikuwa peke yake, foleni ya mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi, imemjaa, hata hakuinua kichwa. Nikawatoa pale, wakahamia mashine ya jirani.

Mtu atasema sheria ipo tayari, chini ya miaka 18 haruhusiwi, na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003. Ipo, lakini siku ya kawaida mtoto yuko shule na hana hela. Siku ya sikukuu hela anayo, mtaa wote ni wake, na mama yuko jikoni na wageni. Mlinzi aliyebaki ni mlango uliofungwa.

Kwa watu wazima nako kuna jambo la hapa kwetu. Idd el Fitr inakuja mwezi ukiwa mchanga, na giza ndilo linalotoa dagaa, maana mbalamwezi ikiwaka taa za mitumbwi hazivuti kitu. Kwa hiyo vijana wavuvi wa Kibirizi wanaifikia sikukuu ile wakiwa na hela ya ziwani mfukoni, ambayo nyumbani inasubiriwa kwa nguo na pilau. Nimeona mikeka inavyochanika asubuhi na ugomvi unavyoanza jioni.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya simu: ukifunga kibanda, mtu atabeti kiganjani. Ni kweli, mtu mzima huyo simuwezi. Ila laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na mtoto wa miaka tisa hana laini. Ana sarafu tu, na sarafu haiingii kwenye simu.

Wengine wanalalamikia hasara. Ligi ya England kwa desturi haichezi tarehe 25 Desemba, inasubiri 26. Sasa kibanda kilicho wazi Krismasi kinauza nini? Mbio za mbwa wa kompyuta, mechi za kompyuta zinazoisha kwa dakika chache, na dubwi. Yaani ile michezo inayomaliza hela haraka kuliko yote. Kuhusu wafanyakazi, sheria ya ajira ya 2004 inataka anayefanya kazi sikukuu ya taifa alipwe mara mbili. Madada wa kaunta mnaosoma hapa, semeni wenyewe kama mnalipwa.

Na kupanga saa za biashara si kuingiza dini. Baa zimepangiwa saa za kufungua tangu sheria ya vileo ya 1968, na wanywaji wa dini zote wanazijua.

Ninachopendekeza ni siku nne tu: Idd mbili, Krismasi na Pasaka. Ubishi wa mwezi tusiulete hapa, ifuatwe siku iliyotangazwa kuwa sikukuu ya taifa. Madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji walipeleke kwenye sheria ndogo na kuiandikia Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, maana leseni zinatoka huko.

Wenye vibanda, nataka kuwasikia ninyi hasa. Kama kufunga siku nzima mnaona ni kuonewa, je, mko tayari kuzima dubwi na kuziingiza ndani siku hizo nne, kaunta ya mikeka ibaki wazi? Hapo mimi niko tayari kukaa chini tuelewane.